Mcheza Kwao

Methali isemayo "Mcheza kwao hutunzwa" inajulikana na kila mtoto aliyepita darasani, na kwa kuwa inajulikana sana, ni wachache waliopata kuihoji. Walimu hutufundisha maana yake upesi: mtu afanyaye jambo jema mbele ya watu wake hupata shukrani yao, na afanyaye ugenini huenda asipate kitu. Maana hiyo ni ya kweli, lakini inaliacha neno moja bila kufunguliwa, nalo ni neno dogo "kwao". Kwao mtu ni wapi? Je, ni pale alipozaliwa? Ni pale palipoandikwa jina la taifa lake juu ya mlango? Au ni mahali ambapo mtu hana budi kupafanya kuwa kwao kwa jasho lake? Katika kurasa hizi nataka, msomaji, tulifikirie swali hilo pamoja. Mfano tutakaoushika ni jumba moja la mjini Nairobi, ambalo watu wa Kitui na Makueni, kama watu wa Kenya nzima, huambiwa kwamba ni lao.

Kabla ya kulifikia jumba hilo, tulitazame tendo lenyewe la kutunza. Kiswahili kimelipa neno hili kazi mbili. Kumtunza mchezaji ni kumpa zawadi kwa uzuri wa mchezo wake. Kumtunza mtoto, au kutunza ng'ombe na shamba, ni kuangalia visidhurike. Huenda wenye kamusi wakasema kwamba haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Haidhuru, wenye lugha wameyaacha yakae chumba kimoja, nami naona yanapatana. Aliyepata kuhudhuria taarabu ya pwani, Mombasa au Unguja, amekwisha kuona jambo hili kwa macho. Mwimbaji afikapo kwenye maneno yaliyomgusa msikilizaji, msikilizaji yule huondoka kitini, akaenda mbele ya watu wote kwa mwendo wa madaha, akamtia mwimbaji fedha mkononi, kisha akarudi. Fedha ile si bei ya kiti, maana bei ya kiti alikwisha kuilipa mlangoni. Ile ni ushahidi. Aliyeondoka kitini amesema mbele ya watu: neno hili linanihusu. Basi ndani ya kutunza mna mambo mawili: kukiri kwamba kilichoonyeshwa kinakuhusu, na kukubali gharama kwa ajili yake. Tuyashike haya mawili, kwa kuwa tutayahitaji mbele.

Sasa twende Nairobi. Katika barabara iitwayo Harry Thuku, mkabala wa Hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904, na karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, pana Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza. Ukumbi huu ni sehemu ya Kituo cha Utamaduni cha Kenya, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1951, nao ulifunguliwa mwezi wa Novemba 1952. Iweke tarehe hiyo kando ya nyingine: tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na viongozi wa Waafrika wakakamatwa usiku ule ule. Majuma machache baadaye pazia likafunguliwa katika jumba lililopewa jina la taifa. Taifa lipi? Katika miaka iliyofuata maelfu ya wenye nchi walitiwa kambini na vizuizini, na huku jukwaani wageni wakiigiza hadithi za kwao, kwa lugha yao, mbele ya wageni wenzao.

Na ardhi ya mtaa ule ilikuwa na kumbukumbu yake tayari. Tarehe 16 Machi 1922, karibu na hapo, umati wa watu ulikusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe, na polisi wakaupiga risasi. Watu wasiopungua 20 walikufa, na mmoja wao alikuwa mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru. Miaka 30 baadaye, katika mtaa huo huo, likajengwa jumba la kuonyesha huzuni na furaha za binadamu. Lakini huzuni ya mtaa wenyewe haikuwa na nafasi jukwaani.

Hapa tumekwisha kupata jibu letu la kwanza, ingawa ni la kukanusha. Jina halitoshi kukifanya kitu kuwa cha mtu. Ukiandika "Nyumba ya Mutua" juu ya mlango, kisha ukamzuia Mutua asiingie, umemtukana mara mbili: umemnyima nyumba, tena umemfanya aonekane mbele ya watu kuwa ni tajiri.

Waweza kusema kwamba hayo yalikuwa mambo ya ukoloni, na kwamba uhuru wa mwaka 1963 uliyamaliza. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Mwaka 1976 Kenya ilikuwa ikijitayarisha kwa tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, lililofanyika Lagos mwanzoni mwa mwaka 1977. Tamthilia mbili zilichaguliwa kwenda huko: moja ya Francis Imbuga, Betrayal in the City, na nyingine ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ihusuyo kesi ya Dedan Kimathi, aliyenyongwa na wakoloni mwaka 1957. Zilipotaka kuonyeshwa katika Ukumbi wa Taifa, waliozitayarisha walilalamika kwamba wamepewa siku chache tu, na huku maonyesho ya vikundi vya kigeni yakihifadhiwa nafasi yake. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu bendera kupandishwa, na mwenye nyumba bado alikuwa akiomba chumba katika nyumba yake.

Lakini usiku wa kwanza wa tamthilia ya Kimathi lilitokea jambo ambalo Ngugi amelisimulia katika maandishi yake. Mchezo ulipokwisha, waigizaji walishuka jukwaani wakiimba na kucheza, wakapita katikati ya watu. Watu nao wakaondoka vitini wakafuatana nao, wakaimba hata nje ya mlango, barabarani. Tafakari, msomaji, maana ya jambo hilo. Ukumbi ulijengwa ili watu wakae kimya gizani, wapige makofi mwisho, waende zao. Usiku ule watu walikataa kuwa watazamaji tu. Walifanya kama yule msikilizaji wa taarabu: walikiri mbele ya wenzao kwamba jambo lile linawahusu. Nadhani huo ndio usiku ambao jumba lile lilianza kuwa kwao. Halikubadilishwa na sheria mpya wala na rangi mpya ukutani. Watu ndio waliolibadilisha.

Mwaka uliofuata ulileta funzo jingine. Katika kijiji cha Kamirithu, Limuru, wakulima, vibarua na wafanyakazi wa viwandani walijijengea uwanja wa michezo kwa mikono yao, wakaigiza kwa Kikikuyu tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii. Maonyesho yalianza Oktoba 1977. Mwezi wa Novemba serikali ikaondoa kibali chake. Na tarehe 31 Desemba mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akatiwa kizuizini karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 wanakijiji wale walitaka kuleta tamthilia nyingine, Maitu Njugira, katika Ukumbi wa Taifa. Wakaikuta milango imefungwa. Mwezi wa Machi mwaka huo uwanja wao wa Kamirithu ulibomolewa.

Haya yalifanywa na serikali ya wananchi, si ya wageni, nami nayataja ili tusijidanganye. Mlango wa nyumba ya taifa waweza kufungwa na mgeni, na waweza kufungwa na ndugu. Tena, kile kilichofungwa na watu chaweza kufunguliwa na watu. Ukumbi ulifanyiwa matengenezo makubwa, ukafunguliwa upya mwaka 2015. Na mwezi wa Mei 2022 tamthilia ile ile ya Ngaahika Ndeenda, iliyopigwa marufuku mwaka 1977, iliigizwa katika Ukumbi wa Taifa, kwa Kikikuyu na kwa Kiingereza. Miaka 45 ilipita kati ya marufuku na onyesho hilo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa marufuku alikuwa mtu mzima mwenye watoto kama wewe.

Sasa nasikia sauti ya msomaji wa Mwingi au wa Wote akiuliza: "Hayo ni mambo ya Limuru na Nairobi, mimi yanihusu nini?" Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kukutajia barabara moja. Mwendo mfupi tu kutoka Ukumbi wa Taifa kuna barabara iitwayo Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali iliwalazimisha Wakamba wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, wauze ng'ombe wao kwa bei duni, kwa hoja kwamba mifugo imezidi na ardhi inaharibika. Maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, wakafunga safari kwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko kwa majuma, wakitaka kusema na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ilikuwa imeacha kuuza mifugo ya watu kwa nguvu.

Watu wale hawakuwa na tikiti wala mwaliko. Mji haukuwa wao kwa sheria yoyote. Hata hivyo waliketi katika mji ule, wakaonekana, wakakataa kuondoka, na leo jina la kiongozi wao limeandikwa katika mji uliomkataa. Kwa hiyo usiniambie kwamba mji mkuu ni wa watu wengine. Mababu zako walikwisha kuweka arubuni. Linalobaki ni kujua utakwenda na nini katika jukwaa lake, na utakwendaje.

Hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu, maana si kila kitu kinachopelekwa jukwaani hufika salama. Chukua mfano wa kilumi. Wewe wa Kitui umeiona, au umesikia ngoma zake ndefu zikilia mbali. Ni ngoma ya zamani ya Wakamba, na wachezaji wake hasa ni wanawake wazima. Asili yake haikuwa maonyesho. Ilikuwa dua na tiba: ilichezwa mvua ilipokataa kunyesha, au mtu alipotaabishwa na mizimu, ambayo Wakamba huiita aimu, nayo iliandamana na ibada za ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa isiyokatwa. Nchi ya Kitui na Makueni ni nchi inayoijua maana ya mvua kuchelewa. Njaa kubwa ya miaka ya 1898 na 1899 bado inakumbukwa kwa jina lake, Ngomanisye. Katika uwanja wa kilumi hapakuwa na mtazamaji. Kila aliyesimama pale alikuwa na shamba lililokauka, au mtoto mwenye njaa, au mbuzi asiye na majani. Aliyecheza na asiyecheza walikuwa wakingojea mvua ile ile.

Leo ngoma hiyo utaiona katika mapokezi ya wakubwa, katika sherehe za serikali, na katika mashindano ya wanafunzi. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na lile la michezo ya kuigiza ya shule mwaka 1959, na wanafunzi wengi wa Ukambani wamepitia huko. Kilumi hupewa dakika chache. Waamuzi wana kalamu mkononi. Anga inaweza kuwa na mvua au isiwe nayo, haimhusu mtu. Je, hii bado ni kilumi?

Wako watu wawili watakaokujibu upesi. Wa kwanza atasema: "Hapana. Umeikata roho. Kilichobaki ni mavazi na kelele. Bora ife kwa heshima uwanjani pake kuliko kuishi jukwaani kama simba aliyefungwa kizimbani." Wa pili atasema: "Maneno matupu! Mila zote hubadilika. Ngoma isiyoonyeshwa husahauliwa, na jukwaa ndilo litakaloiokoa. Nani leo atakwenda ithembo?"

Nimeyafikiria maneno ya wote wawili, na kila mmoja ameshika upande mmoja wa haki. Yule wa kwanza amesema kweli kwamba dua iliyogeuzwa kuwa tamasha imepoteza kitu. Lakini amekosea kudhani kwamba ugenini ni dosari isiyoondoka. Itazame lugha ninayokuandikia. "Kitabu" kilitoka kwa Waarabu, "meza" kwa Wareno, na "shule" kwa Wajerumani. Nani leo atasimama Kibwezi au Mutomo aseme kwamba meza anayolia chakula si yake? Kitu cha kigeni huwa chetu tukikitumia kwa haja zetu wenyewe hata kikachukua umbo la haja hizo. Kwa hiyo jukwaa, mapazia na taa si maadui wa kilumi kwa sababu tu vilitoka ng'ambo.

Yule wa pili naye amesema kweli kwamba mila isiyoonekana na vijana haina siku nyingi. Lakini amesahau kwamba kuonekana si kutunzwa. Mtalii aliyekaa mstari wa mbele ameiona ngoma yote, kutoka mwanzo hata mwisho, na keshokutwa hakumbuki hata jina lake. Mwaka 1971 serikali ilianzisha Bomas of Kenya nje kidogo ya mji wa Nairobi, ili ngoma za makabila zihifadhiwe na kuonyeshwa, na wachezaji wa ngoma za Kikamba walisifiwa huko kwa sarakasi zao. Ilikuwa kazi njema. Walakini hata hapo kiingilio humnunulia mtu kiti peke yake. Hakimfanyi kuwa mwenye ngoma. Kama kungekuwa na urithi unaoweza kununuliwa mlangoni, matajiri wangekuwa wenye mila zote za dunia.

Basi mimi naona hivi. Kilumi ikipanda jukwaani haiwezi kuwa dua tena, na asiseme mtu kwamba ni dua. Hilo lingekuwa kuwadanganya walio hai na kuwadharau waliokufa. Yaweza, hata hivyo, kuwa ushahidi wa kweli wa dua, kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba wale wenye kuijua waulizwe, wawe walimu, na watajwe. Kuna bibi wengi katika Kitui na Makueni ambao hatua zao, nyimbo zao na mapigo ya ngoma zao yamechukuliwa na shule na vikundi, yakaleta vikombe na vyeti, na wao wenyewe wasijue kwamba kulikuwa na mashindano. Kuchukua cha mtu bila kumwambia kuna jina lake katika kila lugha, hata kama mtu huyo ni nyanya yako, na hata kama kinachochukuliwa ni wimbo. Sharti la pili ni kwamba mchezaji ajue alichokibeba. Kijana anayeinua mikono juu jukwaani bila kujua kwamba mikono ile ilikuwa ikiomba mvua, amefanana na mtu anayesoma barua ya msiba kwa sauti ya kuchekesha kwa kuwa haijui lugha iliyoandikwa.

Utaona kwamba masharti haya mawili si mageni kwetu. Ni yale yale mawili tuliyoyakuta ndani ya neno kutunza: kukiri kwamba kitu kinakuhusu, na kukubali gharama yake. Kumwendea bibi Jumamosi alasiri, kuketi chini na kuuliza, kurudi tena kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa amechoka au alikuwa akikupima kama una nia. Hiyo ni gharama. Kujifunza maneno ya Kikamba cha zamani ambayo hata mama yako hayatumii tena. Hiyo pia ni gharama. Na ni gharama yenye haraka, maana wenye kuijua ngoma hii ni wazee, na mzee hawezi kuahirishwa hadi mitihani iishe.

Usidhani kwamba kazi kama hiyo haijapata kufanywa na mtu wa kwenu. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na akafariki mwaka 2019, alipata kuwa mmoja wa wanafalsafa na wanateolojia wakubwa wa Afrika. Vitabu vyake juu ya dini na fikra za Waafrika vilisomwa katika vyuo vya dunia. Lakini kabla jina lake halijavuma alikuwa akikusanya hadithi za Wakamba, zile zilizosimuliwa jioni kando ya moto, na mwaka 1966 akazitoa baadhi yake katika kitabu. Hakuona kwamba elimu ya juu inamtaka azionee haya hadithi za sungura na fisi. Alijua kwamba kitabu hakiwezi kuchukua sauti ya msimulizi wala kicheko cha watoto. Aliziandika, na kwa kuwa aliziandika, zipo.

Labda utauliza: Je, basi tuyaache majumba ya mjini, tukae na viwanja vyetu vya vumbi? Siamini hivyo. Jumba la Nairobi ni amana, tena amana iliyolipiwa ghali, nalo ni la Mkamba sawasawa na Mkikuyu, Mluo, Mswahili na Msomali. Likikaa bila ngoma na tamthilia za Kitui na Makueni, litakuwa limepungukiwa. Wala si Nairobi peke yake inayostahili ukumbi. Katiba ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, tena imezipa serikali za kaunti kazi ya kuangalia shughuli za utamaduni, maktaba na majumba ya kumbukumbu. Kwa hiyo mwananchi wa Makueni akiuliza viongozi wake watoto wake watachezea wapi na wazee wake watasimulia wapi, haombi hisani. Anadai deni. Lakini hata ukumbi mzuri ukijengwa Wote au Kitui mjini kesho, utakuwa sanduku la mawe tu kama hakuna atakayeingia na jambo linalomhusu. Tumeona kwamba Nairobi ilikuwa na jumba la taifa kwa miaka mingi kabla taifa halijaingia. Na Kamirithu ilikuwa na taifa zima uwanjani ambapo hapakuwa na jumba.

Turudi basi kwenye methali yetu, tuisome tena kwa makini. Tulizoea kudhani kwamba kwao huja kwanza, na kutunzwa hufuata: mtu ana kwao tayari, akacheza hapo, akapewa zawadi. Historia ya Ukumbi wa Taifa inatufundisha kwamba mambo yaweza kwenda kinyume. Mahali huwa kwao mtu kwa sababu anatunzwa hapo, na kwa sababu yeye mwenyewe anapatunza. Pasipokuwa na atakayeondoka kitini, mchezaji ni mgeni hata akicheza katika ua alimozaliwa.

Jambo hili linakuelekea wewe zaidi kuliko mimi. Miaka michache ijayo utaondoka. Wengine watakwenda Nairobi, wengine Mombasa, wengine mbali zaidi, na hapana ubaya. Mkamba amekuwa msafiri tangu zama za misafara ya pembe. Siku moja utakuta watu wa kwenu wakicheza mbele ya halaiki ya watu wasiowajua, na jirani yako kitini atacheka kwa kutofahamu, au atapiga makofi pasipostahili. Utakuwa na njia mbili. Waweza kunyamaza na kujifanya mmoja wa watazamaji. Waweza pia kugeuka na kumwambia kwa upole ngoma hiyo inaitwaje, ilichezwa wakati gani, na wanawake wale walikuwa wakiomba nini. Lakini ili uweze kumwambia, hapana budi uwe umekwisha kuambiwa. Na wa kukuambia yuko kijijini kwenu wakati huu usomapo, labda anapepeta pojo uani, naye hajapata kuulizwa na mtu.